Kapi wakishaingia majini: kuvua, kuziba njia, kutia sumu au kuachia ugonjwa?

Msimu wa masika uliopita nilisimama ukingoni mwa bwawa la samaki la jirani yangu, katika tambarare za chini ya Moshi, nikitazama maji yakipita juu ya tuta. Bomba la kutolea maji lilikuwa limefungwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, kama tulivyoelekezwa sote, lakini majani makavu ya migomba yalikuwa yameufunika wavu ule mpaka ukawa ukuta, na maji yakajitafutia njia nyingine. Ndani ya maji yale mekundu yaliyokuwa yakimwagikia mfereji niliona vifaranga, kila kimoja hakizidi urefu wa kidole cha mwisho, vikienda na mkondo. Jirani yangu alikuwa amevinunua kwa muuzaji aliyemhakikishia kuwa ni perege watupu. Alipowachambua waliobaki bwawani, wengi walikuwa sato, samaki mgeni katika maji yetu, ambao wakishakua kidogo mtu huwatambua kwa mistari iliyosimama kwenye mkia. Mfereji ule huingia kijito, na vijito vya upande huu wa mlima, ama kwa Kikuletwa ama kwa Ruvu, huishia Bwawa la Nyumba ya Mungu.

Katika kikao cha jumuiya yetu ya watumia maji kilichofuata, mapendekezo yalikuwa manne. Wazee wawili walitaka wavuvi waitwe wawavue wageni hao mpaka waishe. Mama mmoja mwenye mabwawa matatu alitaka kila banio na kila bomba viwekewe machujio kabla ya jambo lingine lolote. Kijana mmoja akakumbusha kwamba babu zetu walikuwa na utupa, mmea wa kulevya samaki. Mwalimu wa sekondari naye akaeleza kwamba Waaustralia wamechunguza ugonjwa wa virusi unaoua samaki wa aina moja na kuwaacha wengine wote. Kikao kiliisha bila uamuzi, na hiyo ndiyo sababu ya ulinganisho huu.

Nimeuegemeza kwa samaki aitwaye kapi, ingawa aliyetufikisha kikaoni ni sato. Kapi amechunguzwa kwa miongo mingi, katika mabara kadhaa, na watu waliokwisha kujaribu au kuchunguza njia zote nne zilizotajwa pale kikaoni, hivyo makosa yao na mafanikio yao yanaweza kutuokolea miaka. Tena hayuko mbali. Mwaka 2001 alionekana kwa mara ya kwanza katika Ziwa Naivasha, nchini Kenya, na katika muda wa miaka kumi hivi akawa ndiye anayejaza mitumbwi ya ziwa lile kuliko samaki mwingine yeyote.

Kapi yupi?

Jina kapi limebeba samaki kadhaa, na kuwachanganya ni kosa linalogharimu fedha. Kapi wa kawaida, mwenye asili ya Ulaya na Asia, hutafuta chakula kwa kufukua tope. Katika kufukua huko hung'oa mimea ya majini, huchafua maji mpaka yakawa na rangi ya chai ya maziwa, na huamsha fosforasi iliyokuwa imetulia chini, nayo ikalisha mwani. Jike kubwa linaweza kutaga mayai zaidi ya milioni moja, na mayai hayo hunata kwenye majani ya sehemu za kina kifupi zilizofurika maji. Watafiti wa jimbo la Minnesota, Marekani, wamepima na kuona kwamba mimea ya ziwa huanza kupotea pale uzito wa kapi unapopita takriban kilo 100 kwa hekta moja. Kipimo hicho ni muhimu sana kwa mtu anayechagua njia, kwa kuwa kinaonyesha kwamba lengo laweza kuwa kuwapunguza chini ya kiwango fulani, hata pale ambapo kuwamaliza hakuwezekani.

Kundi la pili ni kapi wa Kichina: mla-nyasi, kapi fedha, kapi kichwa-kikubwa na kapi mweusi. Hawa walipelekwa Marekani katika miaka ya 1960 na 1970 ili wasafishe mabwawa ya ufugaji na ya maji taka, wakatoroka na kujaa katika bonde la Mto Mississippi. Kapi fedha na kichwa-kikubwa huchuja viumbe vidogovidogo vinavyoelea majini, ambavyo ndivyo chakula cha kwanza cha vifaranga vya karibu kila samaki. Wao hutaga katika mito mirefu inayokwenda, na mayai yao huelea na mkondo mpaka yaanguliwe. Mto ukiwa mfupi au ukitulia, mayai huzama na kufa. Kwa hiyo mmoja hutaga kwenye majani ya maji yaliyotulia, mwingine hutaga mtoni, na tofauti hiyo peke yake inaweza kuamua ni njia ipi itakayofaa na ipi itakuwa kazi ya bure.

Vigezo

Kila njia nimeiuliza maswali matano. Je, inawafikia mayai na wachanga, au inagusa wakubwa tu? Inawadhuru vipi wenyeji, yaani samaki wa asili pamoja na watu na mifugo wanaokunywa maji hayohayo? Gharama yake ni ipi katika mwaka wa tano, kwa maana mwaka wa kwanza kila mradi huwa na nguvu? Tukigundua tumekosea, je, tunaweza kusimama na kurudi nyuma? Na ruhusa ni ya nani?

Swali la pili nimelipa uzito zaidi, na msomaji ana haki ya kujua sababu. Maji yetu ya Kaskazini yana samaki wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Katika Ziwa Chala yuko perege aitwaye kitaalamu Oreochromis hunteri, na katika mfumo wa Mto Pangani yuko perege wa Jipe, Oreochromis jipe. Wote wawili wameorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira Asilia katika daraja la hatari ya juu kabisa kabla ya kutoweka porini. Njia iliyofaa katika ziwa ambalo samaki wake wa asili wamejaa kila mahali inaweza kuwa msiba hapa.

Njia ya kwanza: kuvua

Mfano ninaouheshimu kuliko yote unatoka Tasmania. Mwaka 1995 kapi wa kawaida waligunduliwa katika maziwa mawili ya nyanda za juu za kisiwa hicho, Crescent na Sorell. Maafisa uvuvi hawakukimbilia nyavu peke yake. Kwanza waliweka machujio mahali maji yanapotoka, ili samaki wasishuke mtoni. Kisha wakazungushia nyavu sehemu zenye majani, ili wanaotaka kutaga wasipafikie. Ndipo wakaanza kuvua, na katika kuvua wakatumia wasaliti: dume linakamatwa, linapasuliwa na kushonewa tumboni kifaa kidogo cha redio, kisha linaachiwa. Kapi hupenda kukusanyika, hasa wakati wa kutaga, hivyo mvuvi mwenye kipokeo hufuata mlio na kulikuta kundi zima mahali pamoja. Katika Ziwa Crescent kapi wa mwisho alitolewa mwaka 2007, baada ya zaidi ya 7,000 kuvuliwa. Sorell, ambalo ni kubwa zaidi, lilitoa zaidi ya 41,000 na kazi ikachukua kama robo karne, kwa sababu samaki wachache waliopenya na kutaga vizuri katika msimu mmoja tu, mwaka 2009, waliirudisha kazi nyuma kwa miaka mingi.

Mfano wa pili ni wa haraka zaidi. Mwaka 2018, katika ziwa dogo la Creve Coeur jimboni Missouri, watafiti waliwaswaga kapi wa Kichina kwa mashua zenye sauti na umeme, wakifunga nyavu nyuma yao sehemu baada ya sehemu kama mchungaji anavyosukuma ng'ombe zizini, na wakatoa zaidi ya tani 100 kwa wiki chache.

Sasa maswali yetu. Kuvua hakuyafikii mayai, na hilo ndilo pengo lake kubwa: ukitoa nusu ya samaki, nusu iliyobaki hupata chakula maradufu na kukua upesi, na mwakani wanaweza kujaza nafasi. Kwa samaki wengine njia hii ni ya huruma kuliko zote, mradi nyavu zikaguliwe mara kwa mara na wa asili warudishwe wakiwa hai. Hapa kwetu lazima tuseme wazi kwamba wavu wa kukokota unaofagia chini yote ni kokoro, na kokoro ni haramu. Kinachobaki ni migono na nyavu za makila zenye matundu yaliyoruhusiwa, au kibali maalumu cha utafiti. Gharama ni ya mikono ya watu, na si ya mara moja. Inarudi kila mwaka. Kurudi nyuma ni rahisi, kwa kuwa unaacha tu kuvua. Ruhusa hupitia kwa afisa uvuvi wa wilaya na vikundi vya wavuvi vya mwaloni.

Kuna jambo la soko ambalo halipaswi kufichwa. Jimbo la Illinois lilimpa kapi wa Kichina jina jipya, copi, mwaka 2022 ili walaji wamkubali, na kando ya Naivasha watu wanamla na kumuuza kapi wa kawaida. Soko linasaidia kulipia nyavu. Lakini mtu anayesomesha watoto kwa samaki huyo hatafurahia siku samaki wa mwisho atakapotolewa, wala hatupaswi kumlaumu, na kishawishi cha kumbeba akiwa hai kwenda bwawa la nyumbani kinakua kadiri bei inavyopanda. Anayechagua kuvua kwa lengo la kumaliza na anayechagua kuvua kwa lengo la kula wanashika wavu mmoja, lakini hawaendi mahali pamoja, na ni vizuri jumuiya iamue mapema iko upande upi.

Njia hii inamfaa mwenye maji yaliyofungwa, ambamo wageni bado hawajawa wengi mno, na mwenye watu walio tayari kwa kazi ya miaka.

Njia ya pili: kuziba njia

Kizuizi kinachojulikana kuliko vyote duniani kiko katika mfereji wa meli karibu na Chicago, unaounganisha bonde la Mississippi na Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini. Tangu mwaka 2002 umeme wa mapigo umekuwa ukipitishwa ndani ya maji ya mfereji huo ili samaki wanaopanda warudi. Umefanya kazi kubwa, lakini una matundu yake: samaki mdogo huhisi umeme kidogo kuliko mkubwa, jahazi linalopita linaweza kumvuta samaki pamoja na maji yake, na mwaka 2010 kapi kichwa-kikubwa wa kilo tisa hivi alinaswa katika Ziwa Calumet, ng'ambo ya kizuizi. Ndiyo maana utafiti uliofuata umekuwa wa kuongeza safu. Chini ya bwawa la Barkley, jimboni Kentucky, pazia la mapovu, sauti na taa lilianza kujaribiwa mwaka 2019, na mwaka huohuo serikali ya Marekani ilisajili kaboni dioksidi kuwa dawa ya kuwafukuza kapi, kwa sababu samaki huikimbia ikiyeyushwa majini kwa wingi.

Australia imetoa ubunifu wa bei nafuu zaidi, nao nimeutafakari mara nyingi. Mtu aitwaye Alan Williams aliona kwamba kapi akikutana na kizuizi huruka juu yake, wakati samaki wengi wa asili wa Mto Murray hawaruki. Akatengeneza kizimba cha kuwekwa kwenye njia ya samaki: kapi huruka na kuangukia chumba cha pili asichoweza kutoka, na wenyeji waliobaki chumba cha kwanza hufunguliwa waendelee na safari. Hakuna umeme wala dawa, ila tabia ya samaki iliyotazamwa kwa makini na mtu mvumilivu. Kizimba cha namna hiyo hakiwezi kuhamishwa kama kilivyo kuja Kikuletwa, kwa sababu hatujui kama wenyeji wetu huruka au hawaruki. Kinachoweza kuhamishwa ni ule utaratibu wa kukaa mtoni na kutazama kwanza.

Kwa maswali yetu, kizuizi huwazuia wakubwa vizuri. Mayai na wachanga huzuiwa na chujio lenye matundu madogo tu, na chujio hilo huziba kwa majani, kama nilivyoona. Dawa yake ni machujio mawili, la mbele la matundu makubwa kwa ajili ya takataka na la nyuma la matundu madogo kwa ajili ya vifaranga, pamoja na mtu wa kulisafisha saa tatu usiku mvua inaponyesha. Huyo mtu ndiye gharama halisi ya mwaka wa tano. Kwa wenyeji, kizuizi cha mtoni hakichagui: kambare hupanda na mafuriko kwenda kutaga, na mkunga wa maji baridi huzaliwa baharini na kuupanda Mto Pangani akiwa mdogo, ukiufunga mto umewafungia nao. Kurudi nyuma ni rahisi ikiwa kizuizi ni wavu na ni vigumu ikiwa ni zege. Kizuizi cha bombani ni uamuzi wa mwenye bwawa, lakini cha mtoni kinahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake hapa Moshi.

Kumbuka pia kwamba kizuizi hakipunguzi waliokwisha kuingia hata mmoja. Kinamfaa aliye juu ya mto, ambako wageni hawajafika, na kila mwenye bwawa ambaye samaki wake wanaweza kutoroka.

Njia ya tatu: sumu

Wazee wa mlimani wanaujua utupa, kichaka chenye maua yanayofanana na ya kunde ambacho majani yake yaliyopondwa huwalevya samaki mpaka wakaelea. Ndani ya utupa mna rotenoni, sumu ileile ambayo idara za uvuvi za nchi nyingi hutumia, isipokuwa wao huipima. Rotenoni huzuia seli kutumia oksijeni. Samaki huivuta kwa matamvua yake, hivyo humwathiri yeye mapema kuliko viumbe wanaopumua hewa, na kwenye maji ya vuguvugu yenye jua huvunjika katika siku chache. Maji yanayotoka nje ya eneo lililokusudiwa hutibiwa kwa pamanganeti ya potasi ili sumu isishuke na mto.

Mfano wa Afrika uliofanikiwa ni wa Mto Rondegat, Afrika Kusini, ingawa mgeni wa pale hakuwa kapi bali samaki wa Marekani mwenye tabia ya kula wenzake. Rotenoni ilitiwa mwaka 2012 na tena 2013 katika kipande cha kilomita nne hivi, na samaki wa asili wakarejea. Ila tazama mpangilio wake: chini ya kipande kile palikuwa na ukuta wa kuzuia maji uliowazuia wageni kupanda tena, na juu yake walikuwapo wenyeji wa kutosha kushuka na kujaza nafasi. Ukikosa kimoja kati ya hivyo viwili, sumu ileile ingeacha mto mtupu au ingekuwa mapumziko mafupi kabla ya wageni kurudi. Katika maziwa ya Tasmania njia hii iliwekwa kando, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na samaki wa asili wasiopatikana kwingine.

Sumu huua wakubwa na wachanga, lakini mayai huistahimili zaidi, na ndiyo sababu mara nyingi hurudiwa. Kwa wenyeji haina huruma yoyote. Kwa ulinganisho wa gharama, huwa kubwa mwanzoni na ndogo baadaye, na hiyo ni fadhila yake ya kweli. Hairudi nyuma. Kuhusu ruhusa, Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu, na utupa wa kuponda nyumbani, ambao nguvu yake hubadilika kutoka kichaka hadi kichaka na ambao hakuna anayejua ameutia kiasi gani kwa maji kiasi gani, umo ndani ya katazo hilo. Namwomba kijana wetu, kwa heshima zote, aliache wazo la kuutia kwenye mfereji ambao chini yake kuna watu wanaochota maji.

Hata hivyo kuna binamu wa njia hii aliye halali, nao ni kukausha. Bwawa la ufugaji linaloweza kumwagwa lote, likaachwa juani mpaka udongo upasuke vipande, na yale madimbwi yasiyokauka yakatiwa chokaa, huwa limesafishwa wakubwa, wachanga na mayai kwa pamoja. Hakuna njia nyingine katika orodha hii inayoweza kusema hivyo. Sharti ni kwamba maji ya kumwagwa yapite kwenye chujio, la sivyo utakuwa umesafisha kwako na kuchafua kwa wengine.

Njia ya nne: ugonjwa na walaji

Virusi alivyovisema mwalimu vinaitwa kitaalamu CyHV-3. Milipuko yake ilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1990 katika mashamba ya kapi, na tangu hapo imekuwa hasara kubwa kwa nchi zinazomfuga. Australia, ambako kapi ni mzigo, iliyaona majanga hayo kwa jicho jingine, na mwaka 2016 ikatenga dola zake milioni 15 kuandaa mpango wa kitaifa. Ripoti ya mpango ilipotoka mwaka 2022 ilikadiria kwamba virusi vingeweza kupunguza kapi kwa asilimia 40 hadi 80 kulingana na mahali, lakini ikataka uchunguzi zaidi kabla ya uamuzi wa kuviachia. Hofu kubwa ni mizoga: maelfu ya tani za samaki wakioza kwa pamoja humaliza oksijeni na kuwaua hata wale uliotaka kuwaokoa. Nyingine ni kwamba wanaopona huwa sugu na kuzaa wanaofanana nao, na kwamba ugonjwa huhitaji maji yenye joto la nyuzi 16 hadi 28 hivi.

Kwetu njia hii haipo mezani, na ni haki kusema hivyo bila kuidharau. Virusi hivyo vinamgusa kapi, havimgusi sato. Ugonjwa wenyewe umo katika orodha ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani. Na kuuachia ni uamuzi wa taifa pamoja na majirani wanaochangia maji, kama Kenya inavyochangia nasi Jipe na Chala. Ukishaachiwa haurudi chupani.

Walaji ni habari nyingine. Huko Minnesota iligunduliwa kwamba kapi huzaliana kwa wingi katika vijiziwa vya kina kifupi ambamo samaki wadogo wanaokula mayai hufa kila majira ya baridi kwa kukosa oksijeni. Palipo na walaji hao wakiwa hai, mayai machache sana hupona. Maana yake ni kwamba ziwa lenye samaki wa asili wenye afya hujilinda lenyewe kwa kiasi. Wafugaji wetu tayari hutumia hekima hiyohiyo wanapoweka kambare wachache katika bwawa la perege ili wapunguze vifaranga. Na tusisahau mifano miwili ya Ziwa Victoria: mbawakavu walioletwa miaka ya 1990 walisaidia sana kupunguza magugu maji, na sangara aliyeletwa miaka ya 1950 alikula samaki wa asili wengi mno. Mbawakavu alichaguliwa kwa sababu hula gugu lile na si mimea mingine. Sangara hula kila anayeingia kinywani. Kwa hiyo anayefikiria mlaji na amchague miongoni mwa wenyeji wa maji yaleyale.

Kwa hali yako

Ikiwa una bwawa lako binafsi na linaweza kumwagwa, kukausha na kutia chokaa kutakupa jibu ndani ya msimu mmoja, kwa gharama unayoijua, na chujio la safu mbili litakulinda baada ya hapo.

Ikiwa ni lambo la kijiji ambalo mifugo na watu wanalitegemea na haliwezi kukaushwa, njia ya Tasmania ndiyo inayokaribia zaidi: funga matoleo, zungushia nyavu sehemu zenye majani wakati wa kutaga, kisha vua kwa migono msimu hadi msimu. Iwapo mgeni wako ni sato, zingatia kwamba jike lake hulelea mayai mdomoni, hivyo kulinda majani hakutasaidia kama kunavyosaidia kwa kapi, na nguvu yako iende zaidi kwenye kuvua wakubwa na kuongeza kambare.

Ikiwa uko kwenye mfereji au kijito cha juu ambako wageni hawajafika, fedha yote iende kwenye kuziba. Shilingi ya chujio mahali hapo huokoa nyingi zaidi ya shilingi ya nyavu kule chini.

Kwa maji makubwa yaliyo wazi kama Nyumba ya Mungu, ambayo kina chake hupanda na kushuka kwa mahitaji ya umeme na umwagiliaji, sijaona utafiti wowote unaotoa tumaini la kumaliza samaki mgeni aliyekwisha kuzaliana. Hapo uvuvi wenye soko, unaofuatwa na vipimo vya kila mwaka vya uwiano wa wageni na wenyeji, una maana zaidi kuliko ahadi ya kumtoa wa mwisho. Sumu na ugonjwa havifai hapo kwa sababu zilizokwisha kutajwa.

Na kwa maji yenye samaki wasiopatikana kwingine, kama Chala, sumu na mlaji mgeni viondolewe kwenye mazungumzo tangu mwanzo. Kinachobaki ni kuvua kwa uangalifu, mkono kwa mkono, huku baadhi ya wenyeji wakitunzwa katika mabwawa yaliyotengwa chini ya wataalamu wa uvuvi, ili ikitokea wakapungua sana ziwani pawe na mbegu ya kurudisha.

Jumuiya yetu inakutana tena kabla ya vuli. Nitapeleka pendekezo la machujio mawili kwa kila bomba, zamu ya kusafisha usiku wa mvua iliyoandikwa majina, na mabwawa matatu ya mwanzo wa mfereji, likiwemo la jirani yangu, kumwagwa na kukaushwa kwa pamoja mwezi Septemba, ili lolote kati yao lisilirudishie jingine samaki lilipokwisha kusafishwa.